Neno la Herufi Nne

Mjukuu wangu alipokuja likizo alinikabidhi kitabu cha hadithi kwa sura ile ya muuguzi anayempa mgonjwa dawa. "Bibi, soma hiki. Utakipenda." Ni kitabu cha watoto, chenye picha. Kuna mwanafunzi ambaye herufi zinamrukaruka machoni. Wenzake wanamcheka, mwalimu anamwita mvivu. Halafu anatokea mwalimu mwingine, mwenye moyo, anayegundua kwamba mtoto si mjinga, ana hali inayojulikana na wataalamu, tena ina jina lake refu. Mwishoni anapewa zawadi mbele ya shule nzima, na mama yake analia kwa furaha. Kurasa zenyewe hazifiki mia. Mimi zilinichukua majuma matatu, kidole kikitembea chini ya mstari kama kuku anayedonoa mtama, na siku nyingine kuku huyo alikuwa anarudi kule alikotoka.

"Bibi, hali hii ilikuwepo enzi zenu?" mjukuu akaniuliza.

"Ilikuwepo."

"Mliiitaje?"

"Iliitwa kwa jina langu."

Akacheka, akadhani ni utani. Sikumsahihisha. Katika umri huu nimechoka hata kusahihisha watu, na tena mimi ni mtu wa kukaa nyumbani; tangu Pasaka sijavuka uzio wa migomba yangu, itakuwa kumkimbilia mtoto na maelezo? Lakini kitabu kile kiliniacha na uchovu usioondoka kwa kulala. Mwandishi wake ni mtu mwema. Amempa yule mtoto kila kitu, hata mwisho mzuri. Kitu kimoja tu hakumpa: barua ya kuwasomea watu.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka sleti, kile kibao cha jiwe tulichoandikia shuleni. Ile fremu ya mbao iliyolegea, na harufu ya jiwe lililofutwa kwa mate na kiwiko, ikichanganyika na samli tuliyopakwa asubuhi mpaka mikono inateleza. Kwetu Nyakasimbi tulikuwa watu wa ng'ombe. Wakristo, ndiyo, Jumapili tulisali, lakini siku sita zilizobaki tuliziishi nyuma ya mikia. Kaka yangu Projesti, aliyenizidi miaka minne, alisoma miaka miwili tu katika shule ya kigango kabla baba hajamtoa akachunge. Mimi nilikuwa na kifua kibovu. Nikikimbia hatua kumi filimbi zinalia ndani. Jembe lilinishinda, ndama walinishinda, hata kufukuza kuku nilipumzika katikati. Basi ikaonekana kwamba kiumbe huyu asiyefaa kwa lolote afadhali apelekwe shule.

Ajabu ni kwamba mwenye mkono wa kuandika alikuwa kaka. Akiwa machungani alichukua kijiti akaandika majina ya ng'ombe kwenye vumbi la njia, herufi zimesimama wima kama askari siku bwana shauri anapokuja. Jioni ng'ombe walipita juu ya majina yao wenyewe, wakayafuta. Kesho yake aliandika tena.

Shida yangu ilianzia kwenye b na d. Mwalimu alisema ni herufi mbili. Mimi nilitazama nikaona moja: mti na tumbo. Tumbo likiwa upande huu au upande ule, kuna tofauti gani? Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa kahawia iliyoiva, tukimwita Bihogo. Bihogo akienda mtoni kichwa kikiwa kule, ni Bihogo. Akigeuka kurudi zizini, ni Bihogo yuleyule. Mtoto wa mfugaji anayeshindwa kumtambua ng'ombe wao kwa sababu tu amegeuka angechekwa mpaka azeeke. Kwa hiyo niliamini kabisa kwamba hii ni herufi moja, inakwenda malishoni na kurudi, na kwamba wenzangu walikuwa wameambiwa siri ya kujua lini inatoka na lini inarudi. Nikakaa kungoja siku nitakayoambiwa na mimi. Nilingoja kwa adabu sana.

Mwalimu wetu alitoka Muleba. Alikuwa na baiskeli, tai moja, na neno moja kwa kila kosa letu sisi Wanyambo: "Ulimi wenu!" Nyumbani hatukutenganisha l na r, basi darasa zima liliandika "kurara" na "chakura", naye akatuchapa kwa pamoja. Makosa yangu yalijificha humo kama kunguni kwenye mkeka wa watu wengi. Ila herufi zangu zilizogeuka aliziona, ndipo akanibatiza jina la Geuza, na jina likanifuata mpaka nyumbani.

"Geuza, simama usome hapa."

"Baba... anapika... ndizi."

"Baba anapika! Kwenu baba yako ndiye anayekaa jikoni?"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Kwa Mnyambo wa ng'ombe hilo lilikuwa tusi la kutosha kuanzisha vita.

"Hapana, mwalimu."

"Basi ni nani huyo?"

"Dada, mwalimu."

"Ehee! Umejuaje sasa?"

"Kwa sababu anapika."

Akaniambia niketi. Siku ile nilijifunza kusoma, au nilidhani hivyo. Usihangaike na tumbo la herufi, tazama kazi inayofanyika. Anayepika ni dada. Anayekamua ni baba. Njia hiyo ilinifaa ajabu. Yale ambayo njia haikuyafikia niliyashika kwa kichwa, nikisikiliza wenzangu wakiimba ukurasa mzima, maana kichwa changu kilikuwa kama mtungi, kinachoingia hakivuji. Padri alipokuja kutukagua nilisimama na kitabu, nikasoma kurasa mbili bila kukwama hata mara moja. Projesti aliyekuwa akichungulia dirishani alinicheka njia nzima ya kurudi.

"Geuza, ulikuwa umeshika kitabu miguu juu."

"Mwongo!"

"Mtu kwenye picha alikuwa anatembea kwa kichwa. Padri haoni mbali, shukuru Mungu."

Padri alinivika medali ndogo ya Bikira Maria. Mama alisikia habari hiyo kanisani, mbele ya wanawake wote, kwamba binti yake anasoma kama maji yanavyoteremka. Hakuwahi kusifiwa kwa ajili yangu kabla ya hapo. Alitembea kurudi nyumbani amenishika mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Kiangazi kile majani yalikauka mapema. Baba na Projesti waliswaga ng'ombe kwenda bonde la Kagera, upande wa machweo, mwendo wa siku mbili. Dada yetu, Adventina, alikuwa ameolewa mbali upande mwingine, Nyakatuntu, na alikuwa na mimba ya kwanza iliyokaribia kutimia. Mpango ulikuwa kwamba kambi ikishasimama, Projesti amwache baba na jirani mmoja, ampelekee dada samli, kisha arudi kwa ng'ombe. Kwa hiyo sisi tuliobaki nyumbani, yaani mama, shangazi na mimi, hatukujua kwa siku fulani Projesti yuko bondeni au yuko Nyakatuntu.

Mchana mmoja akaja mnunuzi wa kahawa akisukuma baiskeli, na mkononi ana ufito uliopasuliwa, karatasi imebanwa katikati. Mama alimletea kahawa za kutafuna kwanza, kama ilivyo desturi, ndipo akauliza.

"Imetoka wapi, mwanangu?"

"Mama, mimi nimepewa njia panda na mtu aliyepewa na mwingine. Wamesema ni ya mama Projesti, na ina haraka."

"Hukuisoma?"

"Mimi nasoma mizani tu, mama," akasema, akatema ganda, akaenda zake.

Mama aliigeuza karatasi. "Twende kwa katekista akatusomee."

"Katekista wa nini?" shangazi akamrukia. Shangazi alikuwa dada wa baba, mjane, mwenye kiko na maneno. "Na huyu tunamfuga wa nini? Hachoti maji, halimi, hachungi. Padri mwenyewe kamvika medali. Asome!"

Mama alinitazama. Kwa katekista ni mwendo wa saa moja. Ningeweza kusema twende. Neno lenyewe ni fupi, hata mimi ningeliweza. Nilikuwa na medali shingoni na macho ya mama usoni pangu, nikasema, "Nasoma."

Ilikuwa mistari michache, mwandiko wa kaka, safi kama kawaida yake. Shikamoo niliitambua, kila barua huanza nayo. Halafu likafuata neno la herufi nne: mti na tumbo, a, mti na tumbo, a. Nililitazama, nalo likanitazama. Nikaliruka, nikaenda mbele kutafuta kazi inayofanyika, kama nilivyozoea. Nikakuta "anaumwa". Nikakuta "tumbo".

Tumbo! Katika ukoo wetu mzima ni nani aliyekuwa na tumbo wakati ule?

"Mama, shikamoo," nikasoma, na kila kipande nikakigeuza kwa Kinyambo, maana mama hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. "Dada anaumwa tumbo, siku ya tatu, hali chakula. Njoo upesi. Mimi Projesti."

Kwa lugha ya nyumbani kosa lile lisingewezekana. Baba ni tata, na tata ni tata. Hata mlevi aliyelala shimoni hawezi kumchanganya na binti yake. Ni katika Kiswahili tu, na kwenye karatasi tu, kwamba baba na dada wanatofautiana kwa kugeuka.

"Imemjia kabla ya siku," mama akasema, tayari amesimama. Hakungoja hata jua lipoe. Alifunga dawa za uzazi kwenye jani la mgomba, akamchukua mke wa jirani wa kumsindikiza, akashika njia ya Nyakatuntu. Alipofika kwenye uzio alirudi akanishika kichwa. "Mungu akubariki, mwanangu. Bila wewe tungejuaje?"

Barua aliiacha imechomekwa kwenye nyasi za dari, juu ya mlango. Niliishusha mara tu alipopotea machoni. Ilikuwa dada. Nikaisogeza kwenye mwanga, ikawa baba. Nikafumba macho, nikafumbua, sikujua tena. Nikamfuata shangazi aliyekuwa akimenya ndizi.

"Shangazi, na kama si dada?"

"Kama si dada ni nani, Bikira Maria?"

"Nauliza tu."

"Usiulize tu. Lete kuni."

Nikaleta kuni. Mama alikuwa hajafika hata mto wa pili. Mtu mwenye miguu mizuri angemfikia. Hata mimi na filimbi zangu za kifua ningeweza kupiga kelele kilimani watu wakapokezana sauti mpaka imfikie. Nililijua hilo siku ile, si kwamba nimelijua uzeeni. Nikapanga kuni jikoni, moja moja, kwa uangalifu mkubwa kuliko nilivyowahi kupanga kitu chochote.

Siku ya tano Projesti aliingia peke yake. Alikuwa amenyoa kichwa. Shangazi alikiona kile kichwa kikimeta kwenye mlango wa uzio, akaangusha kiko akapiga ukelele kabla kaka hajafungua kinywa, kwa sababu mwana hanyoi hivyo kwa sababu ya jua.

Baba alikuwa amefariki. Walimzika kulekule bondeni, mbali na kibanja chake cha nyumbani, kwa kuwa joto lilikuwa kali na njia ni ndefu, nao walikuwa wanaume wawili tu. Projesti alisimulia amesimama, anatazama chini. Alisema kwamba kila mbwa alipobweka baba aliuliza kama ni mama amefika.

"Mama yuko wapi?" akauliza mwishowe. "Mbona hamkuja?"

"Amekwenda Nyakatuntu kwa dada yako anayeumwa," shangazi akasema katikati ya kilio.

"Nani amesema dada anaumwa?"

"Si barua yako!"

Kaka alinyoosha mkono, akaichomoa barua juu ya mlango. Aliisoma. Haikuhitaji muda, lakini aliitazama muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya jiko na ile medali yangu, nimeshika mwiko. Nilingoja. Nilijua vizuri kinachokuja, na nadhani sehemu fulani ndani yangu ilitaka kije haraka.

"Kweli," Projesti akasema. "Nimeandika dada."

Akaikunja karatasi, akaiinamia moto kama mtu anayetafuta kaa la kuwashia, akaiachia.

"Mwana wewe!" shangazi akalia. "Mkono gani huo?"

"Mkono mbaya, shangazi."

Na mimi nikakoroga chungu. Hicho ndicho nilichofanya. Hakikuwa hata na kitu cha kukorogwa, yalikuwa maji.

Mama alirudi kesho yake, miguu imevimba. Alikuwa amemkuta dada mzima, anasaga ulezi, anacheka; akageuza hapohapo bila kuketi, kwa kuwa alikwisha elewa kwamba kama si huyu basi ni yule. Tulikuwa tumenyoa sote. Alimwuliza Projesti swali moja tu, alichoandika ni nini, na Projesti akajibu kama alivyomjibu shangazi. Mama hakumpiga. Aliitazama mikono yake, wa kulia, wa kushoto, kama mtu anayechunguza vyombo vilivyovunjwa na mgeni. Hakumwomba tena amwandikie kitu maisha yake yote. Barua zote za ukoo nilipewa mimi.

Watu hawakumwachilia. Kwenye pombe ya rubisi wakimwona anakuja walimwita "Projesti Dada", wakaambiana, "Msimpe kalamu huyo, atatuzika kabla ya siku." Alicheka pamoja nao, alikuwa mtu wa kucheka. Lakini nilipopita njia ya machungani nikatazama vumbi, nilikuta nyayo za ng'ombe tu.

Mimi nilisonga mbele na shule, kwa kuwa katika nyumba yenye mwandishi mbaya mtu husomesha msomaji mzuri. Nilipelekwa kwa masista. Nilikariri, nikakisia, nikachapwa, nikarudia darasa, nikakariri tena, mpaka nikafika la kumi nimechoka kama punda wa chumvi. Watu wa Nyakasimbi waliniita msomi. Nikiletewa barua nilisema macho yananiuma, waniachie mpaka kesho, kisha nikajifungia nayo, neno kwa neno, mara tano, mara sita, huku jasho likinitoka. Sijawahi kusoma barua ya mtu papo hapo tena. Walidhani ni maringo ya elimu.

Tulikuwa tumekwisha mzika mama, na dada pia, siku nilipomwambia Projesti. Alikuwa mgonjwa, amekaa nje ya nyumba yake kwenye kiti cha kamba, nami nimemletea maziwa ya mgando. Nilikuwa nimeyapanga maneno mengi tangu miaka mingi, yakanipotea yote kama kawaida yangu, yakabaki mawili.

"Kaka. Uliandika baba."

Alinywa kwanza. Akafuta mdomo.

"Yule mwalimu wako alisema kweli," akasema. "Wewe ni mzito. Neno moja, herufi nne, limekuchukua miaka hamsini!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampiga piga mgongoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangekutoa shule."

"Niliichukia shule. Ulijua."

"Nilijua. Ndiyo maana." Alikuwa anahema bado. "Baba alikufa anamngoja mkewe kwa ajili yako, Geuza. Nikakufunga. Nawe ukatumikia kifungo chote, mpaka darasa la kumi, hukupunguziwa hata siku moja."

Nilingoja acheke tena, nipate kujua kama ni utani. Jua lilikuwa limemfikia miguuni. Akaniomba nimvutie kiti kivulini, nikamvutia.